Safari Yetu ya Pili Kilosa na Mikumi

Wapo walioniona mwaka huu nikitoka madukani na mzigo wa maboksi makuukuu kichwani, wakaniuliza, "Nesi, mshahara hautoshi, umeanza kuokota makopo?" Nilicheka tu. Leo nataka kuwajibu, na kabla hamjafika mwisho mtajua maboksi yale yalikuwa ya nini.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na kazi hii nimeifanya kwa miaka zaidi ya ishirini. Wodini tumezoea wagonjwa wa aina mbili. Kuna anayepona akaruhusiwa kwenda nyumbani, na kuna yule tunayemfunika shuka. Lakini yupo wa tatu, anayekwenda nyumbani bila kupona na anatakiwa kuishi. Habari za huyu sikufundishwa sana chuoni. Tukishamwandikia kadi yake na kumwambia "Pole, mama," anatoka mlangoni, nasi tunamgeukia mwingine kitandani. Huyu wa tatu ndiye kamati ya huduma ya kanisa letu hapa Dar es Salaam iliyemfuata wilayani Kilosa, mara ya kwanza miaka miwili kabla, na mara ya pili mwezi Juni uliopita.

Tulikuwa watu kumi na mmoja: wataalamu wawili wa fiziotherapia, fundi mmoja wa viungo bandia, wauguzi watatu, akina mama wanne wa kupika na kuandikisha watu, na dereva. Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja aliyesomea fiziotherapia KCMC, Moshi. Ni mpole wa sauti lakini hana mchezo. Fundi wetu naye alisoma Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, ambako vijana kutoka nchi nyingi za Afrika hufundishwa kutengeneza miguu ya bandia na vifaa vya kunyoosha viungo.

Treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 inapita Kilosa, na wengine walitaka tupande hiyo. Lakini nani angetupokea na magongo, magodoro ya mazoezi, sufuria na maboksi? Tukakodi Coaster. Baada ya Morogoro tulishika barabara ya Dodoma mpaka Dumila, tukakata kushoto kuelekea Rudewa. Hapo mashamba ya mkonge yanaanza kujipanga mistari, na milima inasogea kama inayotaka kusikia mnachozungumza.

Kilosa ni mji wa zamani. Reli ya kati ya Wajerumani iliupitia, mkonge ukawaleta watu wa kila kabila kufanya kazi, wakazaa, wakabaki. Ndiyo maana katika foleni moja utawakuta Msagara, Mkaguru, Mluguru, Mmaasai na mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge. Mto Mkondoa unapita hapo hapo mjini. Ukiuona mwezi Juni, mtoto anavuka akicheza, huwezi kuamini kwamba ndio uliofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukang'oa reli na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Mama mmoja alinionyesha alama ya matope ukutani kwake, juu ya kimo changu. Alisema katika mafuriko yale alimbeba mwanawe asiyetembea mgongoni, na mtoto alikuwa na miaka kumi na moja.

Kliniki tuliifanyia chini ya miembe, uwanjani kwa kanisa wenyeji wetu. Matangazo yalitolewa makanisani na msikitini pia, na siku ya kwanza tuliandikisha watu 72. Kabla ya hapo, jioni tuliyofika, kiongozi wetu alitoa daftari la safari ya kwanza. "Kesho mapema," akasema, "kabla ya wagonjwa wapya, tunavitafuta vile viti."

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu viti. Safari ile ya kwanza ilikuwa yetu sisi wenyewe wa kamati, bila mtaalamu hata mmoja. Tulichangisha mwaka mzima. Tukapata viti vya magurudumu 12, vikubwa, vya hospitali, vilivyotumika kidogo, tukavisafisha hadi vikang'aa. Tulikwenda navyo Kilosa tukavigawa kwa siku moja. Kulikuwa na nyimbo, vigelegele, machozi na picha. Saa tisa alasiri tulikuwa tumekwisha panda gari kurudi. Picha moja, ya msichana wa miaka tisa aliyezaliwa na mgongo wazi, akitabasamu ndani ya kiti kilichomzidi ukubwa, ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa letu. Ilikaa hapo miaka miwili. Mimi ndiye niliyeibandika.

Basi tukavitafuta. Kati ya 12 tuliviona 9. Vitatu vilikuwa vikifanya kazi vizuri, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha mzee aliyepooza upande, ambaye alitupokea kwa shangwe akataka kutuchinjia kuku. Viwili havikuwa vikipita mlangoni, kwa hiyo vilikaa nje, mvua vyao na jua vyao. Kimoja kilikuwa kimeng'olewa beringi, vijana wamezifunga kwenye mkokoteni wa kubebea maji. Viwili tulivikuta katika banda la kuku, na kuku walikuwa wamevikubali.

Cha tisa kilikuwa cha msichana wa kwenye picha.

Alikuwa amekaa ndani yake, kibarazani, amevalishwa gauni safi kwa sababu bibi yake alisikia tunakuja. Tulisalimiana, nikaamkia, bibi akaitikia marahaba. Kiongozi wetu akaomba ruhusa ya kumtazama mtoto mgongoni. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Sisi wauguzi tunaijua. Kwenye mfupa wa kukalia, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda cha mgandamizo, kina chake kinaingiza nusu ya kidole gumba. Mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hasikii maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini. Mimi na wewe tukikaa vibaya, matako yanauma, tunajisogeza bila hata kufikiri. Yeye hana anayempa habari. Damu haipiti mahali panapokandamizwa, nyama inakufa kimya kimya, na siku moja ngozi inapasuka.

Nikasema, tena kwa sauti ya wodini, ile tunayowasemea ndugu wa wagonjwa: "Mama, mbona mlimwacha akakaa hivi kutwa nzima?"

Bibi yule hakukasirika. Akaniangalia, akasema: "Mlisema akae, mwanangu. Tukamkalisha."

Sikuwa na jibu. Ni kweli tulisema. Kabla ya kiti, mtoto alikuwa analala mkekani, anajiburuta kwa mikono, anageuka huku na huku, na ngozi yake ilikuwa nzima. Tulimpa kiti bila mto wa kukalia, bila kumpima, bila neno hata moja la kumfundisha. Shirika la Afya Duniani lilikwisha toa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu tangu mwaka 2008, likisema kiti ni lazima kipimwe, kirekebishwe, mtumiaji afundishwe, kisha afuatiliwe. Hakuna aliyekuwa ameusoma katika kamati yetu, pamoja na mimi mwenye cheti ukutani.

Mchana ule ule msichana alipelekwa hospitali ya wilaya, na mfuko wa kamati ukasimamia gharama. Alilazwa wiki sita, akilazwa kifudifudi, kidonda kikisafishwa kila siku. Sasa yuko nyumbani. Kiti amebadilishiwa, ana mto wa sponji uliochongwa kufuata umbo lake, na bibi yake hutazama ngozi kila jioni kwa kioo na taa. Mtoto mwenyewe amefundishwa kujiinua kwa mikono mara kwa mara. Kwa kuwa nyumba haina saa, wakakubaliana kwamba kila wimbo wa redio ukiisha, anajiinua. Kama redio haina betri, anaimba mwenyewe.

Picha ya ubaoni niliibandua nilipotaka kwenda safari hii ya pili, ili niweke mpya. Sikuweka mpya.

Turudi chini ya miembe. Wagonjwa wengi walikuwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Mama zao walieleza habari zinazofanana: mtoto alizaliwa akachelewa kulia, au alipata manjano makali wiki ya kwanza, au alikuwa mzima hadi malaria ilipopanda kichwani, akapata degedege la siku mbili. Wengi walikwisha ambiwa ni laana au ni mkono wa mtu. Kiongozi wetu hakubishana nao. Alimchukua mtoto, akamkalisha mapajani kwake, akamwonyesha mama jinsi ya kushika shingo na mabega ili kichwa kisianguke nyuma. Kisha akaomba uji. Mama wengi humlisha mtoto wa namna hii akiwa amelala chali, kwa sababu ndivyo asivyohangaika. Lakini uji huo huingia kwenye njia ya hewa, na baada ya siku chache ni kikohozi, homa, nimonia, na mtoto anazikwa ikasemwa alikufa kwa ulemavu wake. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kiingie kutoka mbele na chini, na usubiri ameze. Ni hivyo tu, wala hakuna dawa. Nilimwona mama mmoja akilisha kikombe kizima bila mtoto kupaliwa hata mara moja, akaanza kulia, akisema kila mlo kwake ulikuwa vita.

Hapo ndipo maboksi yalipopata kazi yake. Mtoto asiyeweza kukaa anahitaji kiti cha pembeni, chenye mgongo unaoshika mabega pande zote mbili na meza ndogo mbele. Kiti cha dukani ni bei ya mbuzi kadhaa. Lakini upo ufundi ulioenea kutoka Zimbabwe, ulioanzishwa na mwalimu Bevill Packer, wa kutengeneza viti imara kwa makaratasi na maboksi. Unakata maboksi, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, unafunika kwa vipande vya magazeti, unaanika juani siku kadhaa mpaka kigonge kama ubao, kisha unapaka rangi ili unyevu usiingie. Tulikwenda na kiti kimoja kilichokwisha kauka. Dereva wetu, mwenye kilo zake, alikikalia mbele ya watu wote ili waamini.

Mtu aliyenivutia siku ile ni baba mmoja. Alimleta mkewe na mtoto kwa baiskeli tangu alfajiri, lakini yeye alibaki mbali, kwenye mwembe wa mwisho, ameegemea baiskeli kama asiyehusika. Akina mama walinong'ona kwamba wanaume wengi katika hali hiyo hukimbia kabisa, huyu angalau amebaki barabarani. Tulipoanza kukata maboksi, tulimwona anasogea mwembe mmoja mmoja. Saa nane akasema, "Hapo mnakosea, kona haitashika." Kumbe ni seremala. Alikata kamba ya mkonge, akampima mwanawe paja, mgongo na upana wa nyonga, akafunga fundo kila kipimo. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Mguu huu wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, ulikuwa unajua?" Mtoto alikuwa na miaka minne. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa amemshika muda mrefu namna ile mchana kweupe.

Nina jambo moja zito la kuwaambia, na nililisita sana kuliandika. Siku ya pili aliletwa mvulana wa miaka kumi na miwili, mchangamfu, anayechechemea. Unyayo wake wa kulia ulikuwa unaning'inia. Akitembea, anainua goti juu kama anayekanyaga maji, na kidole gumba chake kilikuwa na makovu ya kujikwaa. Kiongozi wetu akamuuliza mama yake, "Alizaliwa hivi?" Mama akajibu kwamba hapana, alikuwa na miaka miwili, akaugua homa, akampeleka kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. "Aliingia anatembea. Akachomwa sindano ya tako. Alitoka sijui nini kimetokea, mguu hauinuki. Wakaniambia ni polio."

Haikuwa polio. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaokwenda mguuni, na sindano ikichomwa mahali pasipo pake, au dawa kali ikimwagwa karibu nao, unajeruhiwa. Chuoni tulifundishwa kugawa tako sehemu nne na kuchoma ile ya juu upande wa nje, na kwamba mtoto mdogo achomwe pajani. Tulifundishwa wote. Lakini mimi nimefanya kazi usiku wa manane, peke yangu, watoto ishirini wana homa, wengine wanatetemeka kwa degedege, kwinini mkononi, mtoto anarusha miguu, mama amemshika vibaya, taa ni ya chemli. Nilichoma. Asubuhi waliobaki hai waliondoka mgongoni mwa mama zao, kwa hiyo sikuwahi kuona nani anatembeaje. Ndiyo, siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wenye malaria kali wapewe sindano ya atesuneti badala ya kwinini. Lakini sindano za tako bado zinachomwa, na nyingine zinachomwa majumbani na watu wasio na cheti chochote.

Nilimfunga mvulana yule kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo cha mguu, fundi alichokirekebisha kwa kukipasha moto pale pale. Nilimfundisha mama yake kunyoosha kano ya kisigino asubuhi na jioni isije ikakaza, na kukagua unyayo kila usiku, kwa kuwa mguu usiosikia vizuri huchomwa na msumari bila mwenyewe kujua. Baada ya miaka kumi mshipa ule hauwezi kutarajiwa kuamka. Kwa kifaa anatembea bila kujikwaa. Mama yake alinishukuru mara nyingi mno. Nilitamani anyamaze.

Akina mama, mtoto akiandikiwa sindano, unayo haki ya kuuliza kama hakuna dawa ya kunywa inayotosha. Na kama ni lazima, mshike imara, umwambie mchomaji bila woga: "Naomba pajani." Muuguzi mzuri hatakasirika.

Siku ya tatu tulihamia Mikumi kwa njia ya Ulaya. Msishangae, katika wilaya ya Kilosa kuna Ulaya, na akina mama wetu waliwapigia simu waume zao kuwaambia wamefika Ulaya bila pasi ya kusafiria. Ni kilomita zaidi ya 70, na kwa siku ile zilituchukua karibu saa nne za vumbi, kupitia vijiji vya Masanze, Zombo na Ulaya yenyewe. Kila tulipomwona mtu anatembea kwa gongo, kiongozi wetu alisimamisha gari. Dereva alinung'unika, kisha akazoea.

Mikumi ni tofauti na Kilosa. Kilosa watu wana muda. Mikumi mji umelala ubavuni mwa barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, na malori ya Zambia yanapita usiku na mchana. Hapo ndipo wanapokata wanaokwenda Kidatu na Ifakara. Wageni wengi wanaijua kwa ajili ya hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, lakini mimi niliikumbuka kwa majeruhi wa barabara. Hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Kanisa Katoliki, ipo hapo hapo mjini, na bila hospitali karibu na barabara ya namna hii sijui ingekuwaje.

Alikuja kijana dereva wa bodaboda, aliyekatwa mguu chini ya goti miezi mitano nyuma, baada ya kugongwa na lori. Alitaka mguu wa bandia leo leo. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, lakini goti lilikuwa limekunjika na halinyooki. Fundi akamuuliza alikuwa akilalaje. "Naweka mto chini ya goti. Nesi mmoja alinionea huruma, akanipa." Hospitali gani, sikuuliza, maana hata mimi nimewapa wengi mto huo. Unaonekana ni wema. Lakini goti likikaa limekunjwa wiki baada ya wiki, linakaza hivyo hivyo, na mguu wa bandia haushiki kwenye goti lililokunjika. Dawa yake ni kulala kifudifudi kila siku, kunyoosha goti, kufunga kigutu bandeji kwa kubana zaidi chini kuliko juu, na subira. Kijana alikasirika kweli kweli. Aliondoka bila kuaga. Jioni akarudi, akaomba aonyeshwe tena namna ya kulala.

Na sasa nije kwa mtoto mdogo kuliko wote. Mama yake, binti wa miaka kama kumi na tisa kutoka upande wa Kidodi, alimfunua kanga kwa aibu. Alikuwa na wiki tano, nyayo zote mbili zimepinda ndani na kutazamana. Ulemavu huu wa mguu kifundo humpata mtoto mmoja kati ya kila elfu moja hivi wanaozaliwa, na ni katika ule unaotengenezeka vizuri zaidi. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na kufariki mwaka 2009, alionyesha kwamba si lazima kupasua mguu mzima. Unaugeuza taratibu kwa mikono, unaufunga hogo, wiki ijayo unalifungua, unaugeuza tena kidogo, unafunga jingine. Kwa kawaida ni mahogo matano hadi saba. Kisha, kwa watoto wengi, kano ya kisigino hukatwa kidogo, na baada ya hapo mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa na chuma, saa 23 kwa siku miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka afikishe miaka minne au mitano.

Sisi tulikuwa na jasi ya kufungia hogo. Wataalamu walikuwepo, na mama alikuwa ametembea tangu alfajiri. Wengi wetu tulitaka hogo la kwanza lifungwe pale pale, watu waone. Kiongozi wetu akakataa. Akauliza: "La pili atafungwa na nani? Jumatano ijayo mimi nitakuwa Dar es Salaam." Tulinyamaza. Akina mama wa usharika wa Mikumi waliotupikia walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza. Mmoja wao, muuza nyanya, akauliza hospitali ya kila wiki iko wapi. Kiongozi akataja CCBRT, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994 na inayotibu miguu ya namna hii. Binti akasema ana dada Mbagala, lakini nauli hana, na mumewe yuko mashambani na hawezi kuondoka bila kumwuliza. Simu ikapigwa. Mume akasita, mama mkwe akachukua simu akasema maneno mengi. Muuza nyanya akaomba aongee na mama mkwe, akatoka nayo nje. Hatujui walizungumza nini, ila aliporudi alikuwa ametandaza kanga sakafuni na kuweka noti ya kwanza.

Binti na mwanawe walipanda Coaster yetu. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, mabango yanakuonya faini za kugonga wanyama, na dereva alikwenda polepole. Tembo walikuwa karibu na lami, sita na mtoto wao. Sisi wa Dar es Salaam tulisimama wote kuchungulia dirishani. Binti wa Kidodi hakugeuza hata shingo. Kwao tembo ni mla mahindi.

Kila wiki nilipokuwa na nafasi nilimpitia Mbagala tukaenda kliniki pamoja. Mahogo yalikuwa sita. Siku ya viatu mume alipiga simu, ametumiwa picha, akauliza kwa ukali, "Mwanangu amefungwa pingu?" Usiku tatu za mwanzo mtoto alilia mpaka majirani wakagonga, na mara moja dada mtu alivivua kwa huruma. Mtoto akivuliwa viatu mapema, nyayo hurudi zilikotoka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wengi kuanza upya. Nililala pale usiku wa nne, tukabembeleza kwa zamu. Sasa anavivaa usingizini tu, na mchana ameanza kusimama akishika kiti.

Safari ya tatu imepangwa mwezi Juni ujao, siku kumi badala ya nne, na wawili kati yetu watabaki Kilosa mwezi mzima. Wasomaji wengi wanauliza walete nini. Maboksi magumu, yasiyolowa. Magazeti ya zamani. Unga wa ngano. Sponji. Kanga kuukuu za kufungia watoto mgongoni kwa namna nyingine tuliyofundishwa. Nauli, hasa nauli. Viti vya magurudumu tunaomba msituletee mpaka mtoto awe amepimwa.